Magoti Yetu na Sahani Yetu



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, juu ya vibarua wasioandikishwa kazini miaka nenda miaka rudi, na juu ya wakubwa wasiotaka kukaa mezani na chama. Leo tunaomba ruhusa tuandike juu ya magoti na juu ya tumbo. Mtu asicheke. Katika mikutano mitatu iliyopita ya tawi letu, waliosimama kulalamika juu ya magoti walikuwa wengi kuliko waliolalamika juu ya mshahara, na mshahara wenyewe mnaujua ulivyo.

Si ajabu. Mkataji wa miwa huinama na kuinuka tangu alfajiri. Mama anayechuma chai kule Toro hupanda na kushuka kilima na kikapu mgongoni, na mvua ikinyesha ndipo utelezi unapomvunja goti. Kuli wa stoo hubeba gunia la kilo 50 kichwani na kupanda nalo ngazi ya ubao. Wa kiwandani husimama juu ya sakafu ya saruji zamu nzima, na zamu ikikosa mtu wa kuipokea anasimama tena. Madaktari wenyewe wamekwisha kukubali kwamba kupiga magoti, kuchuchumaa na kuinua mizigo mizito kwa miaka mingi huharibu goti. Ndani ya goti mna gegedu, kile kitu cheupe kinachoteleza ambacho unakiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Gegedu likichakaa, mifupa hukosa mto wa kulalia. Ndipo goti linapoanza kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta, asubuhi unaamka limekaza, na jioni limevimba.

Sasa tueleze kisa kilichotufanya tushike kalamu.

Kuna mama mmoja, mwanachama wetu, mfungashaji katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Ana miaka hamsini na kitu, na kazini ana zaidi ya ishirini. Ni mama mnene, na magoti yote mawili yamemshika. Alikwenda zahanati, akaambiwa neno moja: punguza uzito. Hakuambiwa apunguze vipi, wala kiasi gani, wala ale nini. Aliporudi kazini, msimamizi wake akamwambia kwamba akimaliza mwezi bila kupungua ataandikiwa kuwa hafai kazi. Basi mama huyu akafanya alichoweza. Akaacha kula. Asubuhi chai ya rangi, jioni chai ya rangi na ndizi moja, na katikati ni zamu ya usiku ya kusimama. Usiku wa tisa akaanguka kando ya mkanda wa mashine. Mungu alisaidia akaangukia upande wa magunia. Na barua ya kuwa hafai kazi ikaja kweli, kwa sababu ya kuanguka.

Tulipokwenda kumwona nyumbani alituambia hivi: "Katibu, mimi sijui kama nilipunguzwa uzito au nilipunguzwa kazi."

Tawi lilipigania jambo hili majuma mengi. Mwishowe mama alirudishwa, akapewa kazi ya kushona midomo ya mifuko akiwa ameketi kwenye stuli. Lakini kazi hiyo haina saa za ziada, kwa hiyo mwisho wa mwezi anapata pungufu kuliko zamani. Huo ndio ushindi wetu, tunausema ulivyo.

Katika mabishano yale tulisikia maneno ya aina mbili, na yote mawili tunayakataa. Wakubwa walisema: magoti yameharibika kwa sababu mtu amenenepa, na kunenepa ni shauri lake mwenyewe, kampuni haimo. Baadhi ya wenzetu nao wakajibu: magoti yameharibiwa na kazi, kwa hiyo mambo ya uzito ni maneno ya kutudharau, mtu asiguse sahani yake. Neno la kwanza ni dhuluma. Lakini la pili nalo, jamani, litatulemaza. Kazi imeharibu goti, ndiyo. Na uzito unalimalizia, ndiyo pia. Mtu anaweza kumdai tajiri haki yake asubuhi na kupunguza posho jioni, mambo hayo mawili hayagombani.

Tunayasema haya kwa kuwa sisi wenyewe tumepitia humo humo. Kabla ya kuwa mratibu wa chama tulikata miwa miaka kumi na moja. Mkataji wa miwa hula sahani ya mkataji: kilima cha posho, maharage, na kipande cha muwa mkononi njiani. Na anastahili, kwa sababu kazi ile inaweza kutaka chakula mara moja na nusu ya kile cha mtu anayekaa. Halafu siku moja panga tukaliweka chini, tukapewa pikipiki na faili. Panga liliondoka lakini sahani ilibaki. Na juu ya sahani zikaongezeka soda za mikutano, na ile chapati ya mayai tunayoiita rolex, ambayo mtu huila amesimama kando ya barabara akidhani hajala. Kwa miaka michache tukafika kilo 104, na urefu wetu ni mita moja na sentimita sabini tu. Goti la kulia, ambalo tuliliumiza shambani siku za ujana, likakataa kazi. Tulikuwa tunashuka kwenye pikipiki kama mzee wa miaka themanini, na tunakwenda kuwatetea watu wasiachishwe kazi kwa ajili ya magoti!

Waangalieni wenzenu mtawaona wengi wa namna hii. Aliyekuwa mkataji amekuwa mlinzi wa lango. Aliyekuwa kuli amekuwa karani wa mizani. Mnyapara aliyekuwa anakimbia na watu wake sasa anapanda trekta. Kazi imebadilika na tumbo halikupewa habari.

Hesabu ya goti ni hii, na tunaomba kila mmoja aishike. Watu wa Marekani walipima magoti ya wazee wanene kwa vyombo wakiwa wanatembea, wakaona mwaka 2005 kwamba kila kilo moja anayopungua mtu hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne katika kila hatua. Katika kila hatua, siyo kwa siku. Sisi tumepungua kilo 12, kutoka 104 hadi 92, na imetuchukua miezi kumi na minne. Zidisha 12 kwa nne uone. Ni 48. Karibu gunia zima la sukari limeshushwa juu ya goti hili, na bado tu wanene, hatujawa vijana. Maumivu hayakwisha, lakini sasa tunapanda ngazi za ofisi ya kazi bila kushika ukuta.

Mbona miezi kumi na minne yote hiyo? Ndiyo salama yenyewe. Anayepungua nusu kilo kwa juma anakwenda vizuri. Zaidi ya kilo moja kwa juma, kwa mtu anayefanya kazi ya mikono, ni kujitafutia kuanguka, na mara nyingi kinachopungua hapo ni nyama ya misuli na maji, ilhali msuli wa paja ndio unaolishika goti lisiyumbe. Ukiupoteza huo umeshusha gunia na kuvunja ngazi. Kuna vijana pia wanaovaa nailoni au jaketi zito shambani wakisema wanatoa mafuta kwa jasho. Kinachotoka ni maji. Katika jua lile mtu huyo anaweza kuzimia na figo zake zikaumia, na akinywa maji jioni uzito wote unarudi.

Tena watu wengi wakisikia neno kupunguza uzito wanafikiri kukimbia. Tuwaambie: kwa mwenye goti bovu, kazi huanzia kwenye sahani. Mwaka 2013 madaktari wa huko huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, walitoa matokeo ya watu 454 wenye miaka 55 na zaidi, wenye uzito mkubwa na magoti mabovu, waliofuatwa kwa miezi 18. Waliofanya mazoezi bila kugusa chakula walipungua chini ya kilo 2. Waliobadili chakula na kufanya mazoezi pamoja walipungua kilo 10 na zaidi kidogo, na hao ndio waliopata nafuu kubwa ya maumivu. Mtu akikuambia ukimbie kila asubuhi kuzunguka kambi na goti lako lile, mwambie ahsante, uendelee na shughuli zako.

Kwenye sahani tuanze na kile kisichouma kukiacha. Wengi wetu hunywa chai vikombe vitatu kwa siku, na kila kikombe vijiko vinne vya sukari. Sisi wa mashamba ya miwa ni wabaya zaidi, tunaona aibu kuinyima chai sukari kama vile tunaitukana kazi yetu. Vijiko kumi na viwili hivyo, pamoja na soda moja na chapati moja ya kukaanga, ni kalori 500 au zaidi kwa siku. Ukiviondoa hivyo peke yake, na mengine yakabaki yalivyo, ndiyo karibu ile nusu kilo ya juma. Usiviondoe siku moja. Sisi tulishuka kutoka vijiko vinne hadi vitatu, tukakaa majuma mawili, tukashuka viwili, na leo ni nusu kijiko. Mdomo huzoea. Sasa tukinywa chai ya mikutanoni tunaona kama tunalamba asali.

Mafuta yanafuata. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na tumeona mama wa mgahawa akimimina kwenye mboga bila kuangalia. Anayepika nyumbani apime kwa kijiko. Halafu pombe. Chupa kubwa ya bia ni kama kipande kikubwa cha posho, na waragi ni kali zaidi ya bia, tena vyote viwili huleta njaa ya nyama choma saa nne za usiku. Hatuhubiri hapa, kila mtu ana dini yake na baa yake. Tunasema tu kwamba jioni za baa nazo zihesabiwe.

Posho yenyewe usiifukuze. Iwe robo ya sahani, robo nyingine maharage au mukene, yaani dagaa, na nusu iliyobaki mboga za majani: dodo, nakati, sukuma, kabichi, chochote kinachoota nyuma ya nyumba. Maharage na dagaa hukaa tumboni muda mrefu, ndiyo maana mtu hashikwi na njaa saa tano. Kama bado uko kwenye kazi nzito, unakata au unabeba, usipunguze chakula cha mchana. Punguza sukari, mafuta, pombe na sahani ya usiku. Na usiingie zamu ya usiku tumbo tupu, kisa cha yule mama kitoshe kuwa funzo.

Hapa tunajua mtu atasema: ninyi mnazungumza habari ya mboga na mukene, na sisi posho ndiyo tunayopewa. Ni kweli. Mahali ambapo kampuni hutoa unga na maharage kama sehemu ya kazi, mfanyakazi hula alichopewa, na mishahara yetu hairuhusu kuchagua sana. Lakini sukari, soda na waragi havigawiwi na kampuni, tunavinunua kwa fedha yetu wenyewe. Sisi tulijumlisha soda zetu za mwezi mmoja tukanyamaza kimya.

Liko jambo zito zaidi ya fedha, nalo husemwa kwa kunong'ona. Katika nchi hii mtu akipungua watu wanamtazama. Tulio na umri wa miaka arobaini na kitu tulizaliwa karibu na wakati ule. Katika miaka ya 1980 ukimwi ulipoingia Rakai na Masaka ukaitwa "Slim", kwa sababu mgonjwa alikonda mpaka akawa mifupa, na vijiji vilizika watu kila juma. Tangu hapo unene ukawa cheti cha afya. Mwanamume mwenye tumbo ni mwanamume anayejiweza. Mwanamke aliyejaa ni mke anayetunzwa. Sisi tulipofika kilo 97 tu, jirani alimvuta mke wetu kando akamuuliza kama tumepima. Dada mmoja wa kiwandani aliacha kabisa mpango wake mzuri wa chakula kwa sababu mama mkwe wake alianza kumtazama vibaya.

Tunawaelewa wanaoogopa. Lakini ukimwi wa leo una dawa, na watu wengi wanaozitumia wana miili ya kawaida, wanakata miwa pamoja nasi. Mwili mnene haujathibitisha kitu. Tena tofauti ipo, na tuishike vizuri: kupungua kwa kupanga, nusu kilo kwa juma, huku unakula na una nguvu, ni jambo moja. Kupungua bila kutaka, na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, au jasho la usiku, au kiu na mkojo wa kila saa, ni jambo lingine, na hilo ni la kwenda hospitali upesi upimwe kifua kikuu, virusi na sukari. Kwa wanaokuuliza, jibu lipo, ni fupi: magoti yananisumbua, tumeanza chamani. Sisi tulilitumia jibu hilo na liliwanyamazisha wengi, ingawa si wote.

Mwendo nao unatakiwa, tusije tukaeleweka vibaya. Goti likiachwa bila kazi hukauka na msuli wake hulegea. Ila mwendo uchaguliwe. Wanaosoma vitabu hupendekeza kuogelea, na kwa wenye bwawa ni sawa. Ziwa letu lina kichocho, na mto una wenyewe, kwa hiyo hilo tuliache. Tulilonalo ni baiskeli. Baiskeli hulizungusha goti bila kulibebesha mwili, lakini inua kiti mpaka mguu ulio chini unyooke karibu wote, maana kiti cha chini kinalikunja goti na kulisaga. Anayekaa mbali na kazi na njia yake ni tambarare ameshapata zoezi lake. Kutembea pia ni kuzuri, robo saa asubuhi na robo saa jioni, njia tambarare, viatu vyenye soli laini, siyo zile gambuti za kazi.

La msuli wa paja halihitaji chombo wala fedha. Kaa kwenye benchi, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti liwe wima, ukaze paja, hesabu polepole mpaka tano, shusha. Mara kumi mguu huu, mara kumi ule, asubuhi na jioni. Ukizoea, inuka kutoka kwenye kiti kirefu bila kushika kwa mikono na ukae tena polepole, mara tano, halafu mara kumi. Usichuchumae mpaka chini na usiruke kamba. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si adui, lakini goti likivimba au likiuma mpaka kesho yake asubuhi ulizidisha, punguza. Kwenye ngazi tangulia na mguu mzima unapopanda, na mguu mbovu unaposhuka. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, siyo wa mguu mbovu kama tuonavyo wazee wengi wakifanya. Tuliwahi kumwonyesha mzee mmoja jambo hili kituo cha mabasi, akajaribu, akatukodolea macho kama tumemfanyia uganga.

Kuhusu dawa tutakuwa wakali. Vidonge vya diklofenaki vinauzwa dukani kama pipi, na tunawajua watu wanaovimeza kila siku ili wamalize zamu mbili. Dawa hii hutoboa tumbo, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa anayemeza bila chakula na anayefanya kazi juani bila maji. Imeze kwa siku chache kwa ushauri wa mganga, ukiwa umekula. Mbaya zaidi ni deksamethasoni na prednisoloni, ambazo wengine huzinunua kidogokidogo, na nyingine huchanganywa kwa siri ndani ya dawa za unga za mitaani zinazoitwa za miti shamba. Siku tatu za kwanza goti linacheka. Baadaye uso unavimba, mwili unanenepa, sukari inapanda na mifupa inadhoofika. Yaani mtu ananunua kile kile anachokikimbia. Aliyekwisha kuzimeza muda mrefu asiache ghafula peke yake, aende kwa daktari aachishwe taratibu. Na chai za kupunguza unene zinazopitishwa na wachuuzi, nyingi ni dawa za kuharisha zilizovikwa karatasi nzuri. Mtu anayeharisha hapungui mafuta.

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge asipunguze chakula kabla ya kuongea na kliniki, maana dawa ile ile kwa chakula kidogo inaweza kumwangusha. Mjamzito na anayenyonyesha mtoto mdogo wasianze mambo haya bila kumwuliza muuguzi. Na goti likiwa jekundu, la moto, na mwili una homa, usisubiri Jumatatu.

Vijana wasiruke ukurasa huu wakidhani ni wa wazee. Katika mji wa Framingham, Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 1992 ulionyesha kwamba wanawake waliopungua kilo kama tano katika miaka kumi walipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata ugonjwa wa magoti. Kilo tano kwa miaka kumi! Hata kobe anaweza.

Sasa tumgeukie tajiri, asidhani tumemsahau. Mfanyakazi akipunguza sukari yake na wewe ukamsimamisha saa kumi na mbili juu ya saruji, umemrudisha nyuma. Tunadai stuli au benchi kwa kila kazi inayoweza kufanywa mtu akiwa ameketi, na kwa zile zisizowezekana, mapumziko mafupi ya kukaa katikati ya zamu. Tunadai mwenye barua ya daktari apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara, siyo kama alivyofanyiwa yule mama. Kuhusu mizigo, Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 peke yake, na mwanamke apungukiwe sana chini ya hapo. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa, na bado tunaona mtu mmoja akitwikwa magunia mawili ili lori liondoke mapema. Na mgahawa wa kiwanda uuze mboga na maji ya kunywa, si soda na mandazi tu.

Dai la mwisho ni la vyoo, na kwenye mkutano watu walicheka tulipolisema, lakini walicheka wenye magoti mazima. Vyoo vya kambini ni vya shimo, vya kuchuchumaa. Mtu mwenye goti bovu akichuchumaa pale asubuhi, kuinuka ni kazi ya kushika ukuta na kuomba. Wako akina mama wanaojizuia kunywa maji kazini kwa kuogopa choo. Kiti cha mbao chenye tundu, fundi seremala wa kampuni anakitengeneza kwa siku moja. Hatudai marumaru.

Kwa upande wetu, hapa tawini tumeanza na mizani. Karani wa stoo ya sukari ametukubalia kutumia mizani ya magunia kila Jumamosi asubuhi kabla ya saa moja. Juma la kwanza wanaume walisimama kando wakiwacheka akina mama namba zao zilipotajwa, na Jumamosi iliyofuata hakutokea mama hata mmoja. Tukabadili utaratibu. Akina mama wanatangulia, na anayewasomea ni mwakilishi wao mwanamke, anaandika kwenye daftari lake na hakuna anayetaja namba ya mtu. Sasa tuko kumi na tisa, wanawake kumi na moja na wanaume wanane. Wanne hawajapungua hata robo kilo, na mmoja ameongezeka, naye amesema ni kwa sababu ya harusi mbili za mwezi jana. Tumemkubalia.

Matawi mengine yanayotaka kuanza yaandike kwa katibu wa tawi lao, hakuna ada. Atakayekuja kwetu Jumamosi aje na futi ya fundi cherehani kupima kiuno, maana ya kwetu imekatika. Barua juu ya vyoo tuliipeleka kwa meneja mwezi wa pili na hatujapata jibu. Juma lililopita tumeandika ya pili.